Kutoka Diski ya Tani Moja Hadi SSD ya Manundu

Mwalimu anayepeleka kompyuta mpakato kwa fundi pale Manundu, mjini Korogwe, huwa na neno moja: imekuwa nzito. Akiiwasha asubuhi achape mtihani, chai inapoa mashine bado inajiandaa. Jibu lililozoeleka ni kupiga Windows upya. Nafuu huonekana siku kadhaa, kisha uzito unarudi palepale, kwa sababu mara nyingi tatizo ni diski yenyewe. Diski hiyo ina historia inayofaa kujulikana kabla mtu hajatoa hela ya kununulia nyingine.

Ilianza mwaka 1956, IBM ilipotoa RAMAC: sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24, mtambo wa karibu tani moja, na nafasi ya herufi milioni 5 tu. Picha moja ya simu ya leo yaweza kuijaza. Miaka tisa baadaye, 1965, kompyuta ya kwanza nchini Tanzania, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha. Kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta kukaleta mkanganyiko na hasara, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta. Marufuku hayo yalilegezwa polepole. Ndiyo maana Watanzania wengi walikutana na kompyuta ikiwa tayari ndogo ya mezani, na wengi zaidi wakaimiliki kwa mara ya kwanza kama mtumba uliopitia Dubai au Ulaya na kushushwa Kariakoo. Ndani ya mitumba hiyo, sahani bado zinazunguka.

Diski ya kawaida ya laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja huchukua milisekunde 11. Kichwa kinachosoma lazima kisogee, kisha kisubiri sehemu inayotakiwa ifike chini yake. Windows inapowaka huita maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika, na kila moja lina subira yake. Kichwa hicho huelea juu ya sahani kwa mwanya usioonekana kwa macho, na mtikisiko waweza kukigonganisha nayo. Anayetoka Magoma, wilayani Korogwe, kwa bodaboda na laptopu mgongoni iliyofunikwa tu bila kuzimwa, anaitia hatarini diski yake.

Aliyefungua njia ya kuachana na sahani ni mhandisi wa Toshiba, Fujio Masuoka wa Japani. Mwaka 1984, kwenye mkutano wa wahandisi San Francisco, alieleza kumbukumbu ya flashi: chipu inayofungia elektroni ndani ya vyumba vidogo na kuzitunza hata umeme ukizimwa. Mwaka 1987 ikafuata aina ya NAND, ambayo leo imo kwenye flashi za mfukoni, simu na SSD, yaani diski isiyo na sahani. Mwaka 1991 SanDisk iliuza SSD ya megabaiti 20 kwa takriban dola 1,000. Kwa bei hiyo, mwalimu wa sekondari hakuwa na lake. Samsung iliweka SSD ya gigabaiti 32 kwenye laptopu mwaka 2006, na tangu hapo bei ikateremka mwaka hadi mwaka.

Umri wa mashine ndio unaoamua ununue nini. Laptopu nyingi za miaka ya 2008 hadi 2014 hupokea SSD ya inchi 2.5 yenye plagi ya SATA. Zile za mwanzoni mwa kipindi hicho zina SATA ya pili, ambayo haivuki megabaiti 300 kwa sekunde, kwa hiyo kulipia kasi kubwa iliyoandikwa kwenye boksi ni kutupa hela. Unachonunua hasa ni kuondoa ile subira ya sahani. Mashine za baadaye huweza kuwa na tundu la M.2, na hapo wengi huumia: SSD nyembamba za SATA na zile za aina nyingine, NVMe, hufanana, lakini tundu la SATA pekee halitaisoma NVMe. Mwambie fundi afungue mfuniko aangalie kabla hujalipa. Kwa kazi za ofisi na shule, gigabaiti 240 zinatosha. 120 hujaa upesi, na SSD iliyojaa hupunguza kasi.

Jihadhari na SSD bandia inayojitangaza terabaiti mbili kwa bei ya kutupa. Nyingine zimechezewa zionyeshe ukubwa zisiokuwa nao, na mafaili ya kwanza hufutwa ukizidi kujaza. Ijaribu kwa kuijaza na kusoma upya kilichomo, dukani ukiwa bado unaweza kuirudisha.

Ukishaifunga, usiweke Windows XP. Ni tangu Windows 7, ya 2009, ndipo Windows ilipojua kuiarifu SSD ni data gani iliyofutwa. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 huzikataa nyingi za mashine hizi, hivyo mfumo wa Linux Mint ni chaguo la kweli kabisa. Diski ya zamani, kama bado nzima, itiwe kwenye kasha la USB ihifadhi nakala. Utaihitaji nakala hiyo: diski ya sahani mara nyingi hugonga na kukwaruza kabla ya kufa, ilhali SSD inaweza kuzimika ghafla bila dalili yoyote.