“Wasanii waache siasa”: na kibali ni cha nani?

1/ Kila mjadala wa siasa ukipamba moto, kuna mtu atasema: msanii aimbe na aigize, siasa awaachie wenyewe. Sawa. Wacha tuangalie historia kwanza, tukianzia hapa Sirisia.

2/ Kwetu Bukusu, mzee wa heshima akizikwa, kuna kumuse. Mzee mmoja anasimama uwanjani na fimbo yake, anatembea huku na huku, anasimulia tulikotoka, anaonya vijana, anakemea wakubwa. Watu wameketi, kimya. Hiyo ni sanaa, tena ni siasa. Si kila mtu anaruhusiwa kusema pale, lakini ruhusa inatoka kwa jamii, si kwa afisi.

3/ Afisi iliingia lini? Sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, Sura ya 222, ilitungwa 1962, kabla bendera ya mkoloni kushuka. Ilitaka mchezo upate leseni kabla ya kuonyeshwa. Mkoloni akaenda, sheria ikabaki.

4/ Twende Kamiriithu, Limuru, 1977. Wakulima na wafanyakazi walijijengea jukwaa la wazi, wakaigiza Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu. Walioandika ni Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Hadithi ilihusu ardhi na jasho la maskini. Watu walijaa. Baada ya wiki chache tu, Novemba, leseni ikafutwa.

5/ Desemba 31 mwaka huo, Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kesi. 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Kumbuka: Ngũgĩ alikuwa ameshaandika kwa Kiingereza miaka mingi bila kufungwa. Shida ilianza mwananchi wa kawaida alipoelewa kila neno.

6/ Mtasema hayo ni ya kale. Haya, njooni jirani, Butere. 2013, mchezo wa wasichana wa shule, Shackles of Doom, ulipigwa marufuku. Mahakama Kuu ikaondoa marufuku hiyo.

7/ 2025, shule ile ile, mchezo mwingine: Echoes of War. Ukazuiwa tena, mahakama ikaruhusu tena. Lakini Nakuru wasichana waliimba wimbo wa taifa, wakatoka jukwaani bila kuigiza. Nje, polisi walirusha vitoa machozi.

8/ Na katikati ya hayo yote tuna Katiba ya 2010. Kifungu cha 33 kinataja uhuru wa ubunifu wa kisanaa waziwazi. Kina mipaka pia: uchochezi, chuki, propaganda za vita. Kumkera mkubwa hakumo kwenye orodha hiyo.

9/ Kuna hoja ya haki upande wa pili: watoto wa shule wasitumiwe na watu wazima wenye mambo yao. Ni kweli, tuijadili. Lakini dawa yake ni mwalimu na mzazi kusoma mchezo mapema, si gesi machoni mwa watu.

10/ Kwa hivyo swali si kama msanii aingie siasa. Yumo tangu enzi za babu. Swali ni: kibali cha kusema ukweli mbele ya watu anatoa nani? Kwenye kumuse hata mkubwa huketi akasikiliza. Mbona jukwaani ashindwe?