Kwa nini watu wa kompyuta ndio huogopa kura ya kompyuta

1/ Kila uchaguzi ukikaribia, mjadala ni ule ule: "Si tupige tu kura kwa kompyuta wizi uishe?" Mtaalamu wa kompyuta akisema pole pole, anaitwa kibaraka. Wacha niwape historia kidogo. 👇

2/ Uholanzi, 2006. Karibu nchi nzima ilikuwa ikipiga kura kwa mashine za Nedap. Waliozikataa ni wataalamu wa kompyuta wenyewe, Rop Gonggrijp akiwemo. Oktoba mwaka huo walionyesha kwenye runinga kwamba ukibadilisha chipu ndani, mashine inahesabu unavyotaka wewe. 2008 serikali ikarudi kwa karatasi na penseli.

3/ Ujerumani, Machi 2009. Mahakama ya Katiba ilisema mashine zilizotumika 2005 zilivunja katiba. Sababu? Mwananchi lazima aweze kukagua hesabu bila kuwa mtaalamu.

4/ Ireland ilitumia zaidi ya yuro milioni 50. Mashine zikajaribiwa 2002 katika maeneo bunge matatu, zikafungiwa stoo, na 2012 zikauzwa kama vyuma kuukuu.

5/ Najua mtaniuliza: "Kama M-Pesa inaweza, kura ishindwe na nini?" Swali zuri. Pesa ikipotea, una ujumbe kwenye simu. Unapiga, unalalamika, wanafuatilia. Lakini kura ni siri. Hakuna ujumbe wa kukuambia "umempigia fulani." Ikibadilishwa humo ndani, utajuaje?

6/ Ndiyo maana 2003 kule Marekani, profesa wa kompyuta David Dill na wenzake hawakusema mashine zitupwe. Walidai kitu kimoja: karatasi ambayo mpiga kura ameiona kwa macho yake.

7/ Turudi nyumbani. Sisi hupiga kura kwa karatasi. Teknolojia hututambua na kutuma matokeo. 2013 vifaa vya kutambua wapiga kura vilizima vituo vingi, na utumaji wa matokeo ukakwama. 2017 tulipigania seva hadi Mahakama ya Upeo, na uchaguzi wa urais ukafutwa.

8/ 2022 Fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa mtandaoni. Mtu yeyote mwenye bando angeweza kujumlisha mwenyewe. Bado tulienda kortini, lakini angalau kila upande ulikuwa na karatasi zile zile mkononi.

9/ Sisemi kila mtaalamu anayepinga ni malaika. Kuna wanaolinda tenda au kazi zao. Mimi huwapima hivi: anataka nini badala yake? Akisema "niaminini mimi," shuku. Akisema "wekeni kitu ambacho mama mboga anaweza kuhesabu," msikilize.

10/ Na anayekuahidi mfumo mpya kwenye jukwaa, muulize: mitambo ikizima saa nne usiku, tutahesabu nini?