Reli, Tumbaku na Sauti ya Msomaji: Viwanda vya Sigara vya Tampa, 1884–1931

Sensa ya Marekani ya mwaka 1880 iliwakuta watu 720 tu Tampa, kijiji cha bandari jimboni Florida. Miaka ishirini baadaye walikuwa 15,839. Sifa za mageuzi hayo hupewa Henry Plant, tajiri aliyeifikisha reli huko mwaka 1884. Makala haya yanadai kwamba reli inaeleza tu kwa nini viwanda vya sigara kubwa za kusokotwa vilijengwa Tampa. Namna vilivyostawi na namna vilivyoanguka ni habari ya wasokotaji wenyewe.

Hoja ya reli haina budi kupewa haki yake. Vicente Martínez Ybor, Mhispania, aliikimbia Cuba mwaka 1869 wakati wa vita vya ukombozi, akafungua kiwanda Key West, kisiwa ambacho hakikufikiwa na reli hadi 1912. Huko migomo ilimwandama. Tampa ilimpa vyote viwili: bandari ya kupokelea majani ya tumbaku kutoka Cuba, na treni ya kusafirishia sigara kwenda miji ya kaskazini. Hewa yake yenye unyevu nayo iliyafanya majani yasikauke yakavunjika mikononi. Mwaka 1885 alinunua ardhi pembeni mwa mji, na hapo ukazaliwa mtaa wa Ybor City.

Lakini treni hiyohiyo ilisimama katika miji mingine ya Florida, na haikuigeuza kuwa Tampa.

Tofauti ilikuwa watu. Wacuba, Wahispania na baadaye Waitalia kutoka Sicily walikuja na ustadi au wakaurithi kwenye benchi za kazi. Walianzisha vyama vya kusaidiana, kikiwemo Centro Español cha mwaka 1891, vilivyowapatia wanachama matibabu na mahali pa kukutania. Kiwandani, msomaji aliketi kwenye jukwaa akiwasomea magazeti, kisha riwaya, huku mikono ikisokota. Mshahara wake ulitoka mifukoni mwa wasokotaji, si kwa mwajiri. Kwa hiyo wao ndio walioamua nini kisomwe. José Martí, mwanamapinduzi wa Cuba, alipokuja kuhutubia mwaka 1891, hakuhitaji kuwafundisha siasa watu hao. Alihitaji michango na uungaji mkono wao kwa uhuru wa Cuba, na akavipata.

Waajiri waliitambua nguvu hiyo. Mwishoni mwa 1931 waliwapiga marufuku wasomaji, wakiwatuhumu kueneza ukomunisti. Wafanyakazi waligoma, viwanda vikafungwa, na kazi iliporejea, redio ilikuwa imeshika nafasi ya msomaji. Mdororo wa uchumi, mashine na sigara ndogo za bei nafuu vilimalizia kazi iliyobaki. Mwaka 1962 vikwazo vya Marekani vikakata tumbaku ya Cuba.

Katika kipindi chote hicho cha kuporomoka, reli ilikuwa palepale. Anayeandika historia ya mji wa aina hii kwa kuanzia stesheni na kuishia stesheni ataacha nje sehemu kubwa ya sababu.