Nauli ya Nakuru na Nairobi: Kutoka Treni Hadi Matatu

Kati ya Nakuru na Nairobi kuna kilomita 160 hivi, na nauli ya njia hiyo imepangwa kwa namna tofauti kila usafiri ulipobadilika.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Abiria alilipia daraja: la kwanza na la pili, ambayo Wazungu na Wahindi ndio hasa waliyatumia, na la tatu, lenye mabenchi, walikopanda Waafrika wengi. Treni ijae au isijae, nauli ilikuwa ileile. Mabasi ya kampuni kama OTC nayo yalifuata ratiba na bei inayojulikana.

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni ya usafiri, na hesabu ikageuka. Matatu haikuwa na saa ya kuondoka, iliondoka ikijaa. Mwenye gari alidai kiasi fulani cha pesa kila jioni, na kilichozidi kikawa cha dereva na makanga. Alfajiri, watu wakigombea viti, bei ilipanda. Adhuhuri stendi ilipotulia, makanga aliishusha ili ampate abiria wa mwisho na gari liondoke. Kando ya matatu zilipangwa Peugeot 504 zenye safu tatu za viti. Zilijaa upesi na kufika mapema, na mwenye haraka alikubali kulipa zaidi.

Kanuni za Waziri wa Uchukuzi John Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, gari lilitakiwa kuwa na mikanda, mstari wa manjano na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Abiria wa kubanwa hakuruhusiwa tena, hivyo pato la kila safari likawa na kikomo na nauli zikapanda. Kwa kuwa mwendo nao ulidhibitiwa, ushindani ulihamia kwenye huduma. Makampuni na vyama vya ushirika (SACCO) kama Mololine yalifungua ofisi za kukatia tikiti, yakampa abiria kiti chake na risiti. Baadaye malipo ya M-Pesa yalipunguza mabishano ya chenji.

Hata hivyo bei haikutulia. Desemba magari hutoka Nairobi yamejaa na kurudi karibu matupu, kwa hiyo anayekwenda nyumbani hulipia pia safari ya kurudi ya gari. Januari mzigo huo humwangukia anayerejea kazini. Machi 2020, kwa sababu ya korona, gari la abiria 14 liliamriwa kubeba 8, na nauli zikapanda hadi magari yaliporuhusiwa kujaa tena Agosti 2021.

Tofauti na matatu, kampuni za ndege za bei nafuu kama Jambojet, iliyoanza mwaka 2014, huuza viti vya mapema kwa bei ya chini na kupandisha kadiri vinavyopungua. Abiria wa ndege hufaidika kwa kupanga safari mapema. Wa matatu, kwa kusafiri saa ambayo wengine hawasafiri.