Likizo, Kitabu na Kazi za Mikono: Mtoto na Maktaba Kitengela na Kajiado

Katika makala haya twakusudia kuchunguza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo mno kustahili kurasa za jarida la lugha, nalo ni lile afanyalo mtoto wa miaka minne hadi minane katika maktaba wakati shule zimefungwa. Wanaisimu wetu wameandika mengi juu ya lugha ya darasani na lugha ya mtihani. Lugha ya likizo haijapata mtetezi. Hata hivyo, ni likizoni ndipo mtoto huchukua kitabu bila kuamriwa, na ndipo huonekana wazi ni lugha ipi aliyoifanya yake na ni ipi aliyovalishwa.

Istilahi yenyewe yahitaji kusahihishwa kwanza. Desturi ya maktaba kuwakusanya watoto ili wasome ilistawi mapema Marekani. Mwaka 1897, kwa mfano, Maktaba ya Umma ya Cleveland iliunda jumuiya ya watoto wasomaji. Baadaye maktaba za huko zikaifungamanisha kazi hiyo na likizo ndefu ya kiangazi, na Uingereza nayo ikaanzisha mpango wa nchi nzima mwaka 1999. Mwandishi wa makala haya, alipokuwa ng'ambo akisomea shahada ya uzamili, aliona watoto wakipigiwa mihuri kwenye kadi kwa kila kitabu walichomaliza, kisha wakikaa sakafuni kukata karatasi na kugandisha picha za walichokisoma. Jambo jema. Lakini waliolileta kwetu wamelileta pamoja na majira yake, na hapo ndipo kosa lilipoanzia. Shule za Kenya hufungwa Aprili, Agosti na mwishoni mwa mwaka. Agosti katika nyanda za Kitengela ni mwezi wa baridi, upepo na ukavu. Katika mwaka wa ukame, ndio mwezi ambao mifugo huhamishwa mbali kutafutiwa malisho, na watoto huenda nayo. Likizo ya mtoto wa mjini, kwa hiyo, ni msimu wa kazi wa mtoto wa mfugaji. Tutalirudia jambo hili.

Yasidhaniwe kwamba kabla ya maktaba mtoto wa Kajiado alikosa mahali pa kuunganisha neno na mkono. Jioni bibi alisimulia ngano, ambazo kwa Kimaa huitwa inkatinin. Mchana msichana alifunzwa kutunga ushanga kwa kuzingatia mpangilio wa rangi, na mvulana alijenga boma la vijiwe, kila kijiwe kikiwa ni ng'ombe wake. Sehemu ya fasihi hiyo iliandikwa mapema. A. C. Hollis alichapisha ngano, methali na vitendawili vya Kimaasai huko Oxford mwaka 1905, na mwaka 1983 Naomi Kipury akatoa mkusanyiko wake uitwao Oral Literature of the Maasai. Msomaji atatambua kwamba vitabu vyote viwili vilikusudiwa wataalamu na wanafunzi wakubwa. Mtoto aliyeambiwa ngano zile hakuandikiwa.

Historia ya maktaba zenyewe ni historia ya milango. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa Nairobi mwaka 1931, na hadi 1958 Mwafrika hakuruhusiwa kuingia humo kusoma. Wasomaji Waafrika waliangukia mikononi mwa Halmashauri ya Vitabu ya Afrika ya Mashariki, iliyoundwa mwaka 1948, ambayo pamoja na kuchapisha vitabu ilipeleka masanduku ya vitabu mashambani na kuviazimisha vingine kwa posta. Lengo lilikuwa mtu mzima aliyekwisha kujua kusoma, asije akasahau. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1965 iliunda bodi ya huduma za maktaba za taifa, nayo ikaanza kazi mwaka 1967. Katiba ya 2010 iliziweka maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti. Kwa maneno mengine, swali la nani amsomee mtoto wa Kitengela sasa laulizwa Kajiado, si Nairobi tu.

Kuna mlango mwingine usiotajwa sana. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika ya Mashariki mwaka 1924, ilipendekeza elimu iliyofungamana na kilimo, afya na ufundi wa vijijini. Wazazi wengi Waafrika waliishuku elimu ya namna hiyo, kwa sababu waliona, na hawakukosea sana, kwamba mtoto wa Mzungu hupewa kitabu na wa kwao hupewa jembe. Tangu hapo fungu la maneno "kazi za mikono" likachukua harufu ya kudunishwa. Nadhani hii ndiyo sababu mzazi wa leo akimkuta mwanawe katika maktaba ana udongo vidoleni huuliza, "Mbona hasomi?" Swali hilo lina miaka mia moja nyuma yake. Mkutubi asiyejua historia hiyo hudhani mzazi ni mshamba.

Sasa tuiangalie Kitengela. Ranchi ya pamoja ya Kitengela, iliyotokana na sheria ya ranchi za vikundi ya mwaka 1968, iligawanywa kwa wanachama wake mwaka 1988. Miaka miwili tu baadaye serikali iliweka utaratibu wa maeneo ya viwanda vya kuuza nje, na eneo kubwa la aina hiyo likajengwa jirani, Athi River. Mashamba yakakatwa viwanja, wafanyakazi wakatafuta nyumba za kupanga, na kufikia sensa ya 2019 mji ulikuwa na zaidi ya watu laki moja na nusu. Jirani mmoja Mkamba, mwingine Mkikuyu, wa tatu Mluo, na mwenye kiwanja Mmaasai. Watoto waliozaliwa katika majengo hayo hawakungoja tume yoyote: wamekifanya Kiswahili kuwa lugha yao ya kwanza ya kuchezea.

Sera ya elimu inaungana nao kwa maneno. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilitaka mtoto aanzishwe kwa lugha ya mahali alipo, na penye mchanganyiko wa makabila lugha hiyo ni Kiswahili. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 ulikifanya Kiswahili somo la lazima la mtihani. Mpango wa Tusome, kuanzia 2015, uligawa vitabu vya Kiswahili na Kiingereza kwa madarasa ya chini. Lakini rafu ya maktaba haitii sera. Hutii wafadhili, na vitabu vingi vya msaada huja kwa Kiingereza, vikiwa na theluji na mbweha wekundu.

Agosti moja nilikaa siku tatu katika ukumbi wa kukodi mjini Kitengela, ambako watoto wapatao thelathini walikuwa wakisomewa na kufinyanga. Maagizo yalitolewa kwa Kiingereza. Mara tu msomaji alipogeuka, meza nzima ilihamia Kiswahili: nipe gundi, mkasi wangu uko wapi, huyo si simba huyo ni paka. Mtoto mmoja, aliyeletwa kutoka upande wa Kajiado kwa shangazi yake, alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akafinyanga fahali na kumpaka rangi. Msomaji akamuuliza kwa Kiingereza rangi gani, akapata kimya. Akauliza kwa Kiswahili, akapata kimya. Mwenzake akamjibia, "Ni brauni." Yule akatikisa kichwa na kusema neno moja, mugie. Kimaa kina msamiati mpana wa rangi za ng'ombe ambao Kiswahili hakina, na "hudhurungi" yetu ya kamusi haikumfaa hata kidogo. Msomaji, kwa sifa yake, aliandika neno hilo ubaoni. Kabla ya saa sita walikuwa na maneno manane, na mtoto aliyenyamaza ndiye aliyekuwa akifundisha.

Huo si ushahidi wa utafiti, na siutoi kama ushahidi. Wanionyesha tu kwamba hoja ya "Kiswahili badala ya Kiingereza" haitoshi Kajiado. Kiswahili hapa kinaweza kumfungulia mtoto mlango, na kinaweza pia kumfungia mwenye Kimaa kama McMillan ilivyomfungia babu yake. Vitabu vipo vya kuanzia: tangu 2014 mradi wa African Storybook umekuwa ukitoa hadithi fupi za watoto bila malipo katika lugha nyingi za Afrika, na mtu yeyote aweza kuzitafsiri na kuzichapa.

Limebaki lile suala la Agosti. Mwaka 1996 huduma ya maktaba za taifa ilianza kupakia vitabu juu ya ngamia huko Garissa, kwa kutambua kwamba msomaji wa jamii ya wafugaji hafungwi mahali pamoja. Kitengela na Kajiado hazijahitaji ngamia. Barabara ya Namanga ina magari ya kutosha. Kinachohitajika ni ratiba inayofuata mvua: vikao vya Aprili na Desemba, mifugo ikiwa karibu na nyumbani, viwe vikubwa kuliko vya Agosti. Nilipomuuliza shangazi wa yule mtoto kama atarudi likizo ifuatayo, alinijibu kwamba hilo ataulizwa baba yake, naye baba ataangalia nyasi.