Ukuzaji Tishu si Uhandisi Jeni

Mwanafunzi wa bioteknolojia ya mimea katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hufundishwa kwa Kiingereza, lakini mkulima wa Rungwe atataka kuelezwa kwa Kiswahili. Hapo ndipo istilahi hukwaza. Mbinu ya kukata kipande kidogo cha mmea na kukiotesha ndani ya chupa ina jina la Kiingereza ambalo neno lake moja hutumika pia kwa mila na desturi, na mfasiri mwenye haraka huandika “utamaduni wa tishu”, jina lisilomwambia mtu kitu. Kiswahili kina kitenzi kinachotosha: kukuza. Ukuzaji tishu ndiyo tafsiri ninayoitetea, kwa sharti kwamba isichanganywe na uhandisi jeni.

Mgomba unaonyesha sababu. Ndizi tunazokula hazina mbegu, kwa hiyo mkulima hung’oa chipukizi shinani na kulihamisha, mara nyingi pamoja na fukusi na minyoo fundo wa shamba la zamani. Maabarani hukatwa ncha changa ya chipukizi, ikasafishwa kwa klorini na kuwekwa juu ya agari, rojo litokanalo na mwani mwekundu (si ule unaolimwa zaidi Zanzibar, ambao hutoa karajini). Ndani yake mna sukari, vitamini, homoni na chumvi za madini, ambazo maabara nyingi bado huzipima kwa kanuni iliyochapishwa na Murashige na Skoog mwaka 1962 kutokana na kazi yao juu ya tumbaku. Kati ya homoni hizo, saitokinini ikizidi oksini, machipukizi huongezeka. Mizani ikigeuka, mizizi hutoka. Hakuna jeni ngeni iliyopachikwa popote. Na kwa kuwa hakuna kilichopachikwa, mche huo ni safi ila si sugu: ukipandwa penye vimelea vya mnyauko, utanyauka kama mwingine wowote. Mkulima aliyeambiwa tu kwamba amenunua “mgomba wa bioteknolojia” anaweza kutarajia kinga ambayo haipo, au kuuogopa bure. Tanzania iliposimamisha majaribio ya mbegu zilizobadilishwa jeni Januari 2021, na Kenya ilipoondoa Oktoba 2022 marufuku yake ya mwaka 2012, hoja ilikuwa uhandisi jeni. Mgomba wa chupa haukuwa na kesi pale.

Kuna watakaosema mpaka huo ni wa karatasini, kwa sababu mhandisi jeni naye hukuza tishu: bakteria aina ya Agrobacterium akishaingiza jeni kwenye seli, seli hiyo hulelewa kwenye rojo lile lile hadi iwe mmea. Ni kweli, lakini kinachoutofautisha mmea huo ni jeni iliyoingia kabla ya malezi. Pingamizi zito zaidi ni kwamba ukuzaji wenyewe huweza kuleta mabadiliko, yale yanayoitwa ya kisomakloni. Katika migomba hujulikana hasa kwa kuzaa mimea mbilikimo. Hili linatuzuia kuahidi nakala zisizo na dosari. Hata hivyo, ni hitilafu zinazozuka seli zinapogawanyika, wala hakuna aliyezikusudia, na maabara huzipunguza kwa kutokurudia kugawa machipukizi mara nyingi mno.

Linabaki neno tishu, ambalo dukani ni karatasi laini ya kujifutia. Wanaocheka wana haki ya kucheka, lakini kiini nacho ni cha yai, cha seli na cha hoja, na muktadha hutosha kutofautisha. Tishu tayari imo katika istilahi za biolojia. Kuitafutia mbadala ni kumwongezea mwanafunzi mzigo. “Miche ya maabara” haifai, maana hata iliyobadilishwa jeni hutoka maabarani. “Miche ya chupa” ni afadhali, ingawa inataja zao na kuiacha mbinu bila jina. Tasnifu haiwezi kuandikwa kwa neno hilo. Kibao cha kitalu kinaweza, na sioni sababu ya kumnyima muuza miche jina fupi linaloeleweka na wateja wake.