Ukomo wa matumizi kwa akaunti za kanzidata

Ukomo wa matumizi ni kiwango ambacho akaunti moja ya kanzidata hairuhusiwi kukivuka. Katika MySQL, msimamizi wa mfumo aweza kuipangia kila akaunti idadi ya maombi ya taarifa, masasisho na miunganisho kwa saa, pamoja na miunganisho ya wakati mmoja.

Kwa mfano, halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama zikitumia seva moja, ripoti za mfululizo za ofisi moja zaweza kuwakwamisha wahasibu wa nyingine Juni 30, mwaka wa fedha unapofungwa.

Hata hivyo, ukomo huo huhesabu idadi, si uzito: ombi moja zito bado laweza kuielemea seva. Aidha, akaunti ikitumiwa na watumishi kumi, mmoja akimaliza kiwango, wote hufungiwa.